Simiti na Mizani ya Mahindi

Mwezi wa Desemba ukifika, mimi hunusa vumbi la mahindi hata nikiwa mahali pasipo na punje moja. Ni harufu kavu, tamu kidogo, inayokwaruza koo na kukaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Yamumbi ya utoto wangu ilinuka hivyo tangu mvua ilipokatika hadi Krismasi. Mahindi yalianikwa juu ya maturubai kando ya barabara, kwenye uwanja wa kanisa, mbele ya vibanda, popote palipo na jua, na sisi watoto tulipewa kazi ya kuyageuza kwa miguu mitupu. Ulikuwa unaburuta nyayo polepole, unachora mitaro mirefu, punje zenye joto zikiteleza katikati ya vidole, na ukifika mwisho wa turubai unageuka unaanza tena. Makapi yalipeperushwa na upepo yakatua kwenye nywele zetu, tukawa wazee wenye mvi kabla ya saa nne. Nilizaliwa msimu huo wa mavuno, ndiyo maana nikaitwa Nekesa. Ukiniuliza utoto wangu ulikuwa wa rangi gani, nitakuambia ulikuwa wa njano, na sitaki ubishi.

Ndani ya vumbi hilo ndimo ninamomwona baba akija mbio. Asubuhi huko kwetu huwa na baridi ya kuuma masikio, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabua yaliyokatwa. Kwanza nilisikia miguu yake, kisha pumzi yake, kisha yeye mwenyewe akatokea, mfupi, mpana wa mabega, amevaa sweta ya mama iliyotoboka kiwiko. Alinipita bila kusimama, akanigusa kichwani kwa kidole kimoja, akapotea upande wa pili. Katika kumbukumbu zangu hafiki kamwe anakokwenda. Anapita tu, tena na tena, na mimi nimesimama juu ya mahindi.

Baba alikuwa bondia. Nalisema hilo kichwa kikiwa juu, ingawa ukihesabu mapigano yake utakuta alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, na mtu akitaka kunikumbusha hilo tutakosana. Mchana alibeba mifuko ya simiti katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Eldoret, na kwa hivyo watu wote, kuanzia watoto wa shule hadi mchungaji wetu, walimwita Simiti. Alikuwa mtu wa kuitwa dakika za mwisho. Bingwa fulani wa Nairobi au Kampala akikimbiwa na mpinzani siku tatu kabla ya pigano, promota alipiga simu pale dukani, na baba akajipangusa vumbi, akapanda basi. Hakuulizwa kama yuko tayari. Aliyemngojea huko mara nyingi alikuwa mkubwa kumliko, amekula vizuri, amefanya mazoezi miezi mitatu, na picha yake imebandikwa ukutani kwa vinyozi. Walimpiga, ndiyo. Alirudi na uso uliofura na mkate chini ya kwapa. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumwangusha. Kila pigano, kengele ya mwisho ilimkuta amesimama. Nyumba nyingine zilikuwa na televisheni ya kujivunia. Sisi tulikuwa na baba ambaye hajawahi kukaa chini.

Mtu wake wa kona, yaani aliyemshikia ndoo na kumpaka mafuta usoni kati ya raundi na raundi, alikuwa Mjomba Wafula, kaka mkubwa wa mama. Mjomba alikuwa na stoo ya nafaka pale senta ya Yamumbi, jengo la mabati lenye mlango wa kijani, akinunua mahindi ya wakulima na kuyauza kwa wenye malori. Alikuwa mzee wa kanisa, mnene, mcheshi, mifuko yake imejaa peremende, na nilimpenda kuliko mtu yeyote nje ya nyumba yetu. Ndani ya stoo kulikuwa na mizani ya chuma ya kupimia magunia, yenye jukwaa chini na mkono wa shaba juu, ambao husogezewa uzito mpaka ulale sawasawa. Ilipigwa muhuri wa serikali. Juu ya jukwaa kulilazwa ubao ili magunia yasichanike. Kila baba alipomaliza kukimbia alivua viatu, akapanda ubaoni, akafumba macho, na mjomba akasogeza, akasogeza, kisha akasoma. Baada yake nilipanda mimi, kwa sababu nilikuwa na wivu. Mwanga uliingia kwa matundu ya misumari, ukasimama wima ndani ya vumbi, na hakuna aliyesema neno mpaka shaba itulie. Bado naota ndoto za mle ndani.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne, promota alikuja mwenyewe hadi nyumbani, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Bingwa mmoja mwenye jina kubwa kutoka Nairobi alitaka kupigana Eldoret mapema Desemba, na alitafutiwa mpinzani mwenyeji. Uzani ulikuwa kilo sitini, uzani wa baba mwenyewe. Na muda wa kujiandaa ulikuwa wiki sita. Wiki sita! Mama aliketi chini kwenye kigoda, akashika tama. Baba alimshukuru mgeni kwa adabu, akamsindikiza hadi barabarani, kisha akarudi akapasua kuni mpaka zikawa nyingi kuliko tulivyohitaji. Kwa miaka yote hiyo watu walikuwa wakimwambia kwamba siku akipewa nafasi ya kujiandaa, na mtu wa kiasi chake, atamshinda yeyote. Naye hakujua kama ni kweli au ni maneno ya kumpoza. Sasa angejua. Nilimsikia akimwambia mama hivyo kupitia ukuta wetu wa mbao, kwamba hata akishindwa, mradi awe amepanda ulingoni akiwa na nguvu zake zote, atajua, na akishajua atalala vizuri.

Kulikuwa na sharti moja tu. Siku moja kabla ya pigano wote wawili wangepimwa mjini. Atakayezidi kilo sitini angepewa saa mbili azipunguze, na akishindwa, nafasi yake ingechukuliwa na mtu mwingine aliyekuwa tayari kuitwa. Baba alicheka aliposikia hayo, maana alimjua vizuri huyo mtu wa kuitwa. Alikuwa yeye mwenyewe miaka yote. Kwa hivyo alijilinda. Alikula ugali kidogo na mboga nyingi, akaacha sukari kwenye chai, akaamka mapema zaidi. Na kila asubuhi mizani ya mjomba ilimpa habari njema: sitini na tatu, sitini na mbili na nusu, sitini na mbili.

Sasa nikueleze kuhusu ule ubao, kwa sababu mambo yote yalitoka hapo. Zamani ulikuwa mzito, wa mti mgumu, na mizani ilipangwa isome sifuri ukiwa juu yake. Mwaka uliotangulia ulipasuka, mjomba akaweka mwingine mwepesi wa sanduku, na hakupanga mizani upya. Basi. Tangu siku hiyo chochote kilichopimwa pale kilisomeka pungufu kwa kilo mbili. Mwenyewe alikuja kuniambia nikiwa mtu mzima kwamba ulikuwa ni uvivu tu, na alipogundua wiki mbili baadaye, aliona aibu kuwarudia watu waliokwisha kuuza. Akangoja msimu uishe. Msimu ukaisha, mwingine ukaanza, na aibu ikawa biashara.

Mimi nilikuwa wa kwanza kuligusa jambo hilo, na nililigusa vibaya. Kabla ya shule kufungwa, wauguzi walikuja kutupima sote urefu na uzito. Nilipanda kwenye kimizani chao cheupe, muuguzi akaandika ishirini na saba. Nikamwambia amekosea. Nikamweleza, mbele ya darasa zima, kwamba mimi ni wa kilo ishirini na tano, kwamba mjomba wangu ana mizani kubwa ya chuma yenye muhuri wa serikali na hunipima kila asubuhi, na kwamba hiki chake ni cha plastiki. Alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu alinivuta sikio. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na Jumapili, mjomba alipokuja kula chakula cha mchana kama kawaida yake, niliwasimulia wote ujinga wa yule muuguzi. Mama alicheka. Baba alicheka. Mjomba aliacha kutafuna. Kisha akasema haraka kwamba vimizani vya shule huharibiwa na watoto wanaorukaruka juu yake, na akaingiza mkono mfukoni akanipa peremende tatu. Nilizikubali. Nimekula peremende nyingi maishani, na hizo tatu ndizo ninazozikumbuka kwa majina ya rangi zake.

Kuanzia siku hiyo mjomba alibadilika. Alianza kumhimiza baba apungue zaidi. Sitini haitoshi, alisema, ingia na nafasi, shuka mpaka hamsini na nane. Baba alimuuliza kwa nini ajikondeshe bure wakati anatakiwa sitini. Mjomba alisema tu ni vizuri zaidi, mabingwa wa siku hizi hufanya hivyo. Alikuja nyumbani wakati wa kula akatazama sahani ya baba. Mama, ambaye alikuwa akiona mbavu za mumewe zikijitokeza, aliudhika kabisa. Alimwambia kaka yake aachane na mwili wa mtu, mizani imesema anaelekea pazuri, anataka nini tena. Na mjomba alipoondoka, mama alimkorogea baba uji wa wimbi, bakuli zima, akamsimamia mpaka akamaliza. Ndivyo ilivyokuwa wiki tatu nzima: mmoja anampunguza, mwingine anamwongeza, wote kwa mapenzi, na baba yuko katikati anafanya mazoezi. Mara kadhaa, asubuhi ndani ya stoo, nilimwona mjomba akifungua mdomo baada ya kusoma. Kisha anaufunga, anapangusa shaba kwa leso, anasema, "Vizuri, shemeji, unaendelea vizuri." Nilikuwa nimesimama pale pale, na kile kimizani cheupe kilikuwa kichwani mwangu kila nilipoona leso hiyo. Ningeweza kuuliza tena. Sikutaka kuchekwa mara ya pili.

Siku ya kupimwa ilikuwa Ijumaa. Alfajiri mizani ya mjomba ilisema sitini kamili, haizidi hata unywele, na baba aliimba njia nzima tukielekea mjini sote wanne kwenye pikapu ya mjomba. Sikuwahi kumsikia akiimba kabla ya pigano. Mjomba aliyeendesha hakuimba. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliokuja kumwona yule bingwa, kijana mrefu, mtanashati, mwenye tabasamu la mtu aliyezoea kupigwa picha. Alipanda kwenye mizani, wakatangaza sitini, watu wakampigia makofi. Baba akapanda, akafumba macho kama alivyozoea kwenye stoo. Wakatangaza sitini na mbili. Alifumbua macho, akashuka, akapanda tena. Sitini na mbili. Akavua kaptura nyuma ya taulo, akapanda mara ya tatu, na mzee mwenye kalamu akatikisa kichwa, akatazama saa yake. Nilimtafuta mjomba kwa macho. Alikuwa anatazama dari.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na ua wa saruji uliopigwa na jua la mchana. Baba alivaa sweta mbili, na juu yake magunia mawili ya nailoni yaliyotoka ndani ya pikapu, yametobolewa matundu ya kichwa na mikono, akaanza kuruka kamba. Mimi na mama tuliketi kwenye ngazi. Kamba ilipiga saruji, nailoni ikanguruma, na taratibu harufu ya mahindi ikaanza kutoka kwenye magunia yale kadiri mwili wake ulivyopata joto, harufu ya nyumbani kabisa, katikati ya mji. Jasho lilidondoka kutoka mikononi likachora duara la matone kumzunguka. Mjomba alisimama mbele yake na saa mkononi, amevaa viatu vyake vya kanisa. Dakika zikapita. Kisha mjomba akaanza kulia, mtu mzima, kimya kimya, tumbo likitikisika.

"Shemeji," akasema, "mizani yangu inapunguza. Kilo mbili. Nimejua tangu mwaka jana."

Kamba haikusimama. Baba alimtazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kama muhula wa shule, miguu yake ikiendelea kupanda na kushuka.

"Wewe angalia saa," akasema.

Hilo tu. Mama alikuwa na chungwa mkononi, alilomenya kwa ajili ya baadaye, nalo lilimtoka likabiringika mpaka kwenye matone ya jasho. Mimi moyo ulinipasuka, kwa sababu nilielewa yote kwa mara moja: muuguzi, peremende, leso, hamsini na nane. Nilitaka kumchukia mjomba na sikuweza kuanza. Baba aliruka mpaka midomo ikawa myeupe. Alitema mate kwenye kopo, akatoka mbio kuzunguka jengo, akarudi, akaruka tena. Zilipobaki dakika chache alipanda mizani akiwa uchi nyuma ya taulo, wakatangaza sitini. Hakuna aliyepiga makofi. Mjomba alimpa maji, na baba aliyapokea kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea kwa mgeni.

Pigano lilikuwa Jumamosi alasiri, na raundi tatu za kwanza sitazisahau. Nimesikia watu wakisema hutia chumvi mtu anapomsimulia babake, lakini waulize wazee wa Yamumbi waliokuwepo. Baba alikuwa mwepesi. Aliingia ndani ya mikono mirefu ya yule bingwa, akapiga mbavu, akatoka kabla ya kuguswa, na yule kijana akaacha kutabasamu. Ukumbi wote ulikuwa umesimama ukiita Simiti, Simiti, na mwanga wa madirisha ya juu ulimwangukia ule ule wa stoo, wenye vumbi. Alishinda raundi hizo zote tatu. Ya nne, miguu ikamkataa. Niliona inavyotokea: kichwa kilitaka kwenda kushoto, miguu ikabaki. Ngumi ambazo angezikwepa zikaanza kumfikia. Raundi ya sita alipigwa chini ya sikio, akakaa. Hakuanguka kwa kishindo. Alikaa tu, na uso wake ulikuwa wa mshangao, wa mtu aliyedhani kuna kiti. Refa akahesabu. Mjomba aliinua taulo aitupe ndani kusimamisha pigano, na baba, akiwa pale chini, alimwona akamkataza kwa kidole. Akainuka kwa hesabu ya nane. Alifika kengele ya mwisho kwa miguu yake, akashindwa kwa pointi, na yule bingwa alimkumbatia muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Tukirudi nyumbani niliketi nyuma ya pikapu pamoja na baba, upepo ukitupiga, mashamba yaliyovunwa yakipita pande zote mbili. Jicho lake moja lilikuwa limefungika. Nilidhani atalia, nami nilikuwa tayari kulia naye, kwa sababu sasa alikuwa amekaa chini kama watu wengine na nyumba yetu haikuwa na kitu cha kujivunia. Alinivuta karibu.

"Raundi tatu, Nekesa," akasema. "Uliziona?"

Nikamwambia niliziona. Akaitikia kwa kichwa, akaegemea, akalala usingizi mzito mpaka tukafika, na tulimshusha watu watatu.

Jumatatu stoo ilifunguliwa kama kawaida na wakulima wakapanga foleni. Nilikuwa pale kwa sababu Kukhu, bibi yangu mzaa mama, alikuja kutoka shambani kwake upande wa Sugoi na magunia manne kwenye mkokoteni wa punda. Mama alikuwa amemweleza kila kitu. Kukhu hakuruka foleni ingawa mwenye stoo alikuwa mwanawe wa kwanza. Alingoja zamu yake, ameshika leso ya kichwa, mdogo kuliko magunia yake. Gunia la kwanza lilipowekwa ubaoni, mjomba alishika shaba asiisogeze.

"Hata mimi, Wafula?" akauliza.

Alisema polepole, si kwa hasira. Kukhu aliingia duka la jirani, akarudi na pakiti ya unga wa ugali ya kilo mbili, akaiweka ubaoni kando ya gunia lake, akarudi nyuma hatua moja.

"Sasa pima."

Akapima. Kisha aliwageukia wakulima akawaambia kilichokuwa kikitokea na tangu lini. Kulikuwa na kelele, unaweza kufikiria. Wengine walimtukana, wengine walipakia magunia yao wakaondoka wasirudi, na kanisani alivuliwa cheo cha mzee wa kanisa kwa muda mrefu. Lakini pakiti ile haikuondoka. Angeweza kupanga mizani upya asubuhi moja, ingekuwa rahisi zaidi, ila hakufanya hivyo. Aliiacha pale kwenye kona ya ubao, karatasi ikafifia, panya wakaitoboa akaweka nyingine, na kila mgeni aliyeuliza ni ya nini aliambiwa. Baba hakukanyaga stoo kwa wiki mbili. Asubuhi moja tukamwona anatoka kwenye ukungu, akasimama mlangoni, akavua viatu, akapanda ubaoni kando ya unga, akafumba macho. Mjomba alishindwa kusoma. Nilisoma mimi.

Alipigana mara chache baada ya hapo, zote za kuitwa dakika za mwisho, kisha akaacha. Nafasi ya wiki sita haikurudi. Mimi nikawa muuguzi. Sidhani unahitaji kuuliza kwa nini. Nafanya kazi katika zahanati moja hapa Eldoret, napima watoto wachanga, na kila asubuhi kabla ya mama wa kwanza kuingia naweka pakiti ya unga ya kilo mbili kwenye mizani nione inasema nini. Wenzangu hunicheka, huuita unga wa Nekesa. Wacha wacheke. Mji wenyewe sasa unaitwa jiji. Yamumbi imejaa nyumba za ghorofa na mageti ya rangi, na pale palipokuwa na stoo pana mahali pa kuoshea magari. Hakuna mtoto anayegeuza mahindi barabarani, boda boda zingempitia juu. Kukhu alishatuacha. Mama hushinda kwenye bustani yake ya mboga. Baba na mjomba ni wazee wawili ambao hukaa pamoja kwenye baraza kila Jumapili, wakibishana juu ya raundi ya nne, na mimi siku hizi sina hasira ila nikinusa lile vumbi.

Wiki jana baba alikuja zahanati kupimwa presha. Mikono yake inatetemeka sasa, daktari anasema ni ngumi za zamani, na nilimshika kiwiko tukatembea polepole. Sikumwambia apande mizani. Alijivulia viatu mwenyewe, akapanda, akanyoosha mgongo, akafumba macho, akangoja. Ilikuwa asubuhi, na kwa muda mfupi nilisikia shaba ikigongana na nikaona mwanga umesimama kwenye vumbi. Nikamsomea. Hamsini na nane.

Akauliza kama leo nimeupima unga.

"Nimeupima, baba."

"Basi mwambie mjomba wako nimefika," akasema, akafumbua macho, akanipa mkono nimshushe.